Ndoana Isiyo na Jino

Siku ya kwanza Cheptoek alinipokonya ndoana,
akatoa koleo la baba yake la kukatia nyaya,
akalibana lile jino dogo mpaka likalala.
"Sasa," akasema, "samaki naye ana nafasi ya kukushinda."
Nikacheka. Nina miaka hamsini na miwili,
yeye kumi na tisa,
na mashine yangu ya kusaga pale Bukwo
haijawahi kuipa punje nafasi yoyote.

Suam asubuhi hung'ata magoti.
Maji yanashuka mlimani na haraka zake,
yanagonga jiwe, yanazunguka, yanapumua.
"Hapo," ananionyesha kwa kidevu, "nyuma ya jiwe.
Mwenye akili hasimami mkondoni."
Mimi naona maji tu.

Nikarusha.
Nzi wangu wa uzi na unyoya wa jogoo
alinasa kwenye sweta langu,
akanasa kwenye mzeituni mwitu,
akanasa ng'ambo, kichakani, nchini Kenya.
Cheptoek akauliza kama nina pasipoti.

Nikarusha tena. Mimi,
ninayejua kwa sikio tu mkanda unapotaka kukatika,
sikujua mshipi mwepesi unataka nini kwangu.
"Usiutupe. Uache uende.
Na usikanyage hapo penye changarawe safi,
kuna watoto wamelala."

Sikumwambia
kwamba mimi na mto huu tunajuana.
Mwaka ule wa njaa, mimi na kaka yangu Satya
tuliiba dawa ya kupe, chupa nzima,
tukaimimina juu, kwenye kivuko cha ng'ombe,
tukakimbia chini kungoja na magunia.
Walikuja.
Wote walikuja:
wakubwa, wenye mayai, vitoto vya ukubwa wa kucha,
kaa, viluwiluwi, hata chura mmoja aliyekuwa bado anapiga teke,
matumbo juu, weupe kama nguo za kuanikwa.
Hatukumgusa hata mmoja kwa kumuua.
Mama alifunua sufuria, akanusa,
akaimwaga yote shimoni,
wala hakutuchapa.
Afadhali angetuchapa.
Miaka mitatu mto ulipita mbele ya nyumba yetu
kama jirani mliyekosana.

Saa nne kasoro, Jumamosi ya tano,
uzi ulinyooka.
Kitu kilinivuta mkono, kidogo kidogo,
kama mtoto anayetaka kukuonyesha jambo.
"Usimkokote! Mpe, mpe, sasa mwombe arudi."
Nikampa. Nikamwomba. Nikatetemeka
mpaka Cheptoek akaingiza wavu chini yake.

Trauti. Madoa mgongoni, mstari wa waridi ubavuni.
Wanasema babu zake waliletwa na wazungu ndani ya mapipa,
mgeni aliyekawia mpaka akasahau kwao,
kama mahindi yangu.
"Lowesha mikono kwanza.
Ule utelezi ndio shati lake, usimvue."
Akampima kwenye fimbo: alipita uzi mwekundu kwa vidole viwili.
"Huyu unaweza kumla.
Ukimla, umemaliza kwa leo."
Akanipa kirungu cha mzeituni, kifupi kama kiko cha supu,
akageuka kukunja mshipi wake,
akaniacha naye.

Nilimtazama. Jicho lake halikuwa na kope
la kufumba kwa ajili yangu.
Nikapiga mara moja, pale alipoonyesha, nyuma ya macho.
Yale magunia mawili sikuwahi kuyahesabu.
Huyu alikuwa mmoja.

Nilimpeleka kwa mama, ndani ya jani la mgomba.
Ana miaka themanini na tatu, macho yamekwenda,
pua ingali inafanya kazi.
Akamwinua mpaka usoni.
Akanusa kichwa, akanusa tumbo,
akanusa vidole vyangu kimoja kimoja,
nami nikasimama pale kama mwizi wa miaka tisa.
Nje, kinu cha mtu mwingine kilikuwa kinasaga.

"Chumvi," akasema hatimaye,
"mmeiweka wapi siku hizi?"